Mume wa Bibi Haruhusiwi Kuziba Masikio

Spika zilikuwa nne, zimepangwa mbilimbili kama magunia, na mwenye muziki alikuwa kijana wa mtaa wa pili ambaye tangu saa mbili usiku alikuwa anatuahidi kwamba bado hajaanza. Ulikuwa mkesha wa harusi ya binti wa mama mdogo, nyumbani kwa mama, Tanga. Saa nne alipoanza kweli, turubai lilitikisika.

Mwanangu wa kiume ana miaka saba. Aliziba masikio kwa viganja, akainama mpaka kidevu kikagusa magoti. Upande wa pili wa mkeka, binti wa dada yangu, anayemzidi mwaka mmoja, alikuwa amefanya vilevile. Viganja masikioni, kidevu magotini. Ungewapiga picha ungedhani mmoja kamwiga mwenzake.

Mama yangu aliwaona wote wawili. Akamvuta yule wa kike, akampakata, akamfunika kichwa kwa mtandio. "Pole, mke mwenzangu. Kelele zao hawa hazina adabu." Kisha akamgeukia wangu, akacheka kile kicheko cha utani wa bibi na mjukuu. "Na wewe, mume wangu mzima, unaogopa ngoma? Sasa wezi wakija atanilinda nani?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Halafu nikamshika mkono, nikautoa sikioni, mimi mwenyewe, nikamwambia: "Jikaze. Wewe mwanaume."

Aliuacha mkono chini. Hakulia. Alibaki ameukodolea macho mkeka mpaka usingizi ukamchukua, saa sita na kitu, katikati ya kelele zilezile.

Wiki saba zimepita.

## Simu ya uongo

Niseme jambo ambalo usiku ule sikumwambia mtu. Dakika kumi kabla ya kumtoa mtoto mkono sikioni nilikuwa nyuma ya nyumba, karibu na pipa la maji, simu nimeibana sikioni, natembea huku na huko kama mtu anayezungumza biashara nzito. Simu ilikuwa haijaita. Upande wa pili hakukuwa na mtu.

Hii simu ya uongo ninayo tangu nianze kumiliki simu. Imenitoa kwenye harusi, kwenye vikao vya harusi, kwenye sherehe za kazini, na kwenye misiba miwili ya watu niliowapenda sana. Kabla ya simu nilikuwa na sigara nisiyoivuta. Mwanaume anayetoka nje kuvuta haulizwi ana nini.

Kwa hiyo aliyemwambia mtoto ajikaze alikuwa ametoka kujificha muda huohuo. Hilo ndilo lililokuwa linanirudia nikiwa kwenye mwendokasi, nikiwa kazini, nikiwa nausubiri usingizi. Ukali haukunisumbua, nimekuwa mkali mara nyingi na nikalala vizuri. Nilichoshindwa kukimeza ni kwamba nilimnyima kitu ambacho mimi nimekuwa nakiiba miaka yote.

Kwanza nilifanya lile ambalo mzazi mwoga hulifanya: nilitafuta ugonjwa. Nikampeleka kupimwa masikio. Mazima. Daktari alinitazama mimi kuliko alivyomtazama mtoto, akasema wapo watoto wa namna hiyo, tena wengi, akaita mgonjwa anayefuata.

## Maswali 27

Usiku huo ndipo nikakutana na dodoso la Elaine Aron. Yeye na mumewe Arthur, wanasaikolojia wa Marekani, walilichapisha mwaka 1997: maswali 27 ya kumpima mtu ambaye mambo humwingia kwa wingi na kwa kina kuliko wenzake. Kelele, harufu, mwanga, nguo inayokwaruza, lakini pia sura ya mtu aliyenuna akidhani hajaonekana. Hali hiyo wao hawaiiti ugonjwa. Walikisia kwamba watu 15 hadi 20 katika kila 100 wameumbwa hivyo.

Nilipata alama nyingi. Sitasema ngapi, maana nimeona watu wakipata alama nyingi kwenye dodoso hili huanza kutembea nazo kama cheo.

Kilichonikwamisha ni jina. Maneno ya mtu huyu tunayo, tena mengi, ila karibu kila moja limeshachagua upande. Wa kiume ni laini, ni mtoto wa mayai, anadeka, ana roho ya kike. Wa kike ni mpole, ana haya, ana huruma, ana imani. Ukisema "mwenye hisia kali" pale mtaani kwetu watadhani unamsema mtu anayegombana ovyo. Nimeishia kusema "mwepesi wa kuhisi", nikijua kwamba hata "mwepesi" nalo si neno ambalo mwanaume atalichapisha kwenye fulana.

Na matokeo ya dodoso yanafanana na maneno hayo. Wanawake hupata alama za juu kuliko wanaume. Aron mwenyewe anashikilia kwamba wa kike na wa kiume huzaliwa na wepesi huu sawa kwa sawa. Basi tofauti inaingia njiani, mahali fulani kati ya mkeka na kalamu. Mwanaume akiulizwa kama hushtuka kirahisi, halijibu swali hilo peke yake. Anaijibu pia ile sauti iliyomwambia ashushe mkono.

Mimi nilipokuwa na miaka 22 ningejaza dodoso lile ningepata alama za jiwe.

## Chumba chenye giza

Kuna swali moja mle linauliza kama siku za pilikapilika huwa unahitaji kujitenga, kitandani, au kwenye chumba chenye giza, au popote penye faragha.

Chumba cha nani?

Sisi tumekulia nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, uwani choo kimoja na jiko la kila mtu. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili na watu sita. Kushoto kwetu palikuwa na cherehani ya fundi ambaye kazi zake zote zilikuwa za kesho asubuhi. Kulia palikuwa na wazee wawili waliogombea redio moja, huyu akipunguza sauti yule anaongeza. Ukitaka giza, unafumba macho. Ukitaka faragha, unakwenda chooni, na huko utagongewa kabla hujahesabu ishirini.

Mtoto mwepesi wa kuhisi katika nyumba ile anafanyaje? Kwa niliyoyaona, anaitwa mtukutu. Au mzito darasani. Au mwenye hasira. Anachelewa kurudi kutoka shule na hana maelezo. Anapanda mwembe akae huko. Anagombana na wenzake saa kumi na mbili jioni, saa ambayo watu wote wamerudi na kila chungu kiko jikoni. Kulikuwa na mmoja chumba cha nne, kijana mdogo, kila mkaa ukipulizwa uwani alikuwa anatapika. Alichapwa kwa hilo. Tuliamini anafanya makusudi ili asipewe kazi ya kuwasha jiko.

Mwepesi wa kuhisi hutambulika akiwa na pa kwenda. Akikosa pa kwenda, anaonekana kitu kingine.

Upande wa pili wa mji kulikuwa na watoto wa geti kali, na tuliwacheka sana: wanaogopa vumbi, wanaogopa mbwa koko, wanazimia kwa sindano. Tulisema ni pesa ndiyo iliyowafanya mayai. Leo sidhani kama walizaliwa wepesi kutuzidi. Walikuwa na mlango wa kufunga.

Kwa hiyo ukiniletea jedwali linalosema wenye kipato hiki au elimu ile wana wepesi zaidi, nitakuuliza kwanza nyumba zao zina vyumba vingapi. Elimu yenyewe ya jambo hili imejengwa sana juu ya wanafunzi wa vyuo. Utafiti uliotoka 2018 ukawagawa watu kwa majina ya maua, asilimia 31 okidi, asilimia 40 tulipu na asilimia 29 dandelioni, ulihoji watu zaidi ya 900 wa Marekani, na wengi wao walikuwa wanafunzi wa saikolojia. Okidi ni yule asiyestawi bila matunzo. Tulipu ni wa katikati. Dandelioni ni gugu la ua la njano linaloota hata kwenye ufa wa saruji. Waswidi walikuwa na msemo wao wa mtoto wa gugu hilo kabla watafiti Thomas Boyce na Bruce Ellis hawajauchukua mwaka 2005 na kuuongezea mtoto wa okidi. Mimi nikisoma dandelioni naona mchunga. Unaota wenyewe nyuma ya choo, hakuna aliyewahi kuumwagilia, na jioni unachumwa unaliwa na ugali.

Uswahilini kila mtoto anatarajiwa awe mchunga.

Lakini okidi wamo. Mwaka 2015 Michael Pluess na Ilona Boniwell walichapisha habari za wasichana wa umri wa miaka 11 hivi, shule ya mtaa maskini mashariki ya London, waliofundishwa namna ya kuhimili huzuni. Wale wepesi zaidi wa kuhisi ndio pekee ambao huzuni yao ilipungua, na mwaka mmoja baadaye bado ilikuwa imepungua. Wale wagumu mafunzo hayakuwaongezea kitu. Nilisoma nikamkumbuka yule wa chumba cha nne na mkaa wake.

## Dada anapiga simu

Nilimtumia dada maswali yale kwa WhatsApp, nimeyatafsiri mwenyewe, mengine vibaya. Nadharia nilikuwa nayo tayari: wasichana wameruhusiwa, wavulana wamekatazwa. Nilitaka anikubalie, tulaumu mila kidogo, tulale.

Alikaa kimya siku mbili. Kisha akapiga, na siku hizi ndugu akipiga badala ya kuandika unakaa kwanza chini.

"Kaka, haya maswali yako nimejibu ndiyo karibu yote. Sasa?"

Nikamwambia basi wewe na mimi ni wamoja, ila wewe ulibebwa.

"Nilibebwa," akasema. "Nilibebwa mpaka siku nilipoweza kubeba sinia."

Akaanza kunihesabia. Kuna swali linalouliza kama, watu wakiwa hawana raha mahali, wewe huelekea kujua nini kifanyike ili wapate raha. Alinisomea kwa sauti. "Hili umeniuliza swali au umenitajia kazi yangu?" Nani alitumwa kukaa na bibi mzaa baba hospitali miezi minne akiwa kidato cha pili, kwa sababu "huyu ndiye anayemwelewa"? Nani huona mgeni ana njaa kabla mgeni hajajua? Baba akirudi akavua viatu kwa namna fulani, nani alikuwa anajua leo hakuna pesa, anawazungukia wadogo zake mmoja mmoja kuwaambia wasiombe daftari?

"Mlikuwa mnasema huyu binti ana moyo. Mwenye moyo hapumzishwi, kaka. Wewe walikufukuza ukacheze mpira ukakomae. Ulikuwa hupendi, najua. Lakini ulitoka nje."

Sikuwa na jibu. Nilitoka nje, kweli.

Nadharia yangu ilivunjikia hapo. Nilidhani siku ile kwenye mkeka mtoto mmoja alikubaliwa na mwingine akakataliwa. Sasa naona wote wawili walikuwa wanapangiwa kazi. Wepesi wangu mimi walijaribu kuufuta. Wa dada waliuajiri, bila mshahara na bila likizo, na kwa kuwa ni kifungua mimba wa kike, ajira ilianza mapema. Mtu aliyezoezwa kusoma nyuso tangu ana miaka minane lazima apate alama za juu kwenye dodoso linalouliza kama hali za watu wengine humgusa. Utasemaje hapo ni kuzaliwa, ni ruhusa, au ni uzoefu wa kazi?

Alipokuwa anakata simu akaniuliza kama mtoto wangu bado anaziba masikio. Nikasema sijui, hajafanya tena mbele yangu.

"Basi keshajifunza," akasema.

## Waliolia na waliosubiri

Mwenzangu mmoja kazini aliniambia haya ni mambo ya Wazungu, Mwafrika hana muda wa kushtushwa na harufu. Nusu nilimkubalia. Mimi mwenyewe nina shaka na neno lolote linalonipa sababu ya kutokwenda kwenye vikao vya harusi.

Kisha nikasoma habari za Wamasai wa mwaka 1974.

Daktari wa magonjwa ya akili, Marten deVries, alikuwa miongoni mwa Wamasai wa Kenya akichunguza tabia za watoto wachanga. Ulikuwa wakati wa ukame. Kati ya watoto 48 wa miezi minne mitano aliwachagua kumi watulivu kupita wote na kumi wasumbufu kupita wote: wanaolia sana, wasiobembelezeka, wanaokataa kila kitu kipya. Ukame ukazidi, ng'ombe wakafa, familia zikahama. Aliporudi baada ya miezi kadhaa aliweza kuzipata familia za watulivu saba na za wasumbufu sita.

Katika wale watulivu saba, watano walikuwa wamekufa.

Katika wale wasumbufu sita, mmoja.

Niliinuka nikaenda kumtazama mwanangu alivyolala. Ni watoto 13 tu, najua, na mtoto msumbufu si lazima awe mwepesi wa kuhisi kama anavyomaanisha Aron, ingawa hao wawili hukutana njiani mara nyingi. Maelezo ya deVries ni kwamba anayelia ndiye aliyenyonyeshwa zaidi, na kwamba Wamasai wenyewe waliona heri mtoto mkali anayedai chake. Mtulivu alisubiri zamu yake. Kule New York, ilikoanzia namna hiyo ya kuwagawa watoto kwa tabia, mtoto wa aina ya msumbufu ndiye aliyehofiwa kupata matatizo mbele ya safari.

Lakini sitaki kujifanya nimepata watu wasiojua "jikaze". Mtoto yuleyule aliyelishwa kwa sababu alilia, akifika siku ya kutahiriwa anatakiwa asipepese jicho. Akitikisika ni aibu ya nyumba nzima. Sisi wa pwani tulikuwa na jando, na ya jandoni hayasemwi kwenye blogu. Ninachokiona ni kwamba kilio kina umri wake. Mahali fulani kati ya miezi minne na miaka kumi na minne anakuja mtu anakutoa mkono sikioni. Mwanangu alifikiwa saa nne usiku, akiwa na miaka saba, na aliyemjia ni mimi.

Na si umri wa mtoto tu. Hata mji una umri wake. Xinyin Chen na wenzake waliwapima watoto wa shule huko Shanghai kwa awamu tatu: 1990, 1998 na 2002. Awamu ya kwanza, mtoto mwenye haya na mwepesi wa kuumia alipendwa na wenzake na walimu walimwamini. Ya kati ilikuwa vuguvugu. Kufika 2002 mtoto wa aina hiyohiyo alikuwa anatengwa, mwalimu anamwona ana tatizo, naye mwenyewe amejaa huzuni. Miaka 12. Damu ya Wachina haikubadilika kwa miaka 12. Kilichobadilika ni soko: ushindani ulikuja, anayejinadi akawa ndiye mwenye akili. Ninasoma matangazo ya kazi ya Dar, kila moja linataka mtu "mchangamfu, anayeweza kufanya kazi kwenye presha", nawaza mwanangu ataitwa nani mwaka atakaomaliza chuo.

## Banda la kuku

Marehemu baba alikuwa fundi wa reli. Mkimya, mkali, mikono kama koleo. Hakuwa na subira na mtu anayelialia.

Alipostaafu alianza kuhamisha kiti chake mbali na televisheni. Akaomba mlango wa uwani usibamizwe. Kumi la mwisho la Ramadhani, kwenye kunuti, alikuwa analia mpaka mabega yanaruka, na msikiti mzima ukimwacha. Watu walisema mzee amelainika, na walisema kwa heshima. Neno lilelile! Mimi nilipokuwa laini nilikuwa hasara. Yeye akiwa na miaka 68 ni uchamungu.

(Mwanaume wa kwetu ana sehemu mbili za kulia bila kuulizwa, msikitini na uwanjani. Nimeona mtu mzima mwenye kitambi akitokwa machozi Simba ilipofungwa na Yanga, na jirani yake akamnunulia maji.)

Wiki hizi ndipo nimekumbuka banda la kuku. Baba alikuwa na tabia, nyumba ikijaa wageni, ya kwenda kukagua kuku. Anachukua tochi, anakaa huko saa nzima. Mama alikuwa anasema mwacheni, ana kuku wake.

Kuku walikuwa watatu.

Kuna utafiti wa mapacha wa Uingereza, zaidi ya 2,800, wa miaka 17 hivi, uliotoka mwaka 2020. Ulikadiria kwamba asilimia 47 ya tofauti za watu katika wepesi huu zinatokana na urithi. Haina maana nusu ya mwanangu ni mimi; hesabu hizo ni za kundi, si za mtu mmoja. Hata hivyo nilitulia nayo kidogo. Banda, sigara, simu. Sijui kilichorithiwa ni wepesi au ni namna ya kuuficha.

## Kanga ya mama

Wiki iliyopita tulirudi Tanga kwa maulidi ya nyumbani. Tulifika mapema, mama anachambua mchele, nikakaa kwenye kibao karibu yake nikamuuliza mimi nilikuwaje nikiwa mdogo, siku za ngoma.

"Wewe?" Hakuinua hata kichwa. "Wewe ulikuwa unaingia chini ya kitanda changu. Nilikuwa naitandaza kanga ipite ukingoni ifike chini, ili wanawake wakiingia kuweka mikoba wasikuone."

Mimi kanga siikumbuki. Nakumbuka vumbi, na harufu ya karafuu, na viatu vya watu vikipita.

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Nikwambie nini na wewe ndiye uliyekuwa humo?"

Nikamuuliza kwa nini basi siku ile ya mkesha alimcheka mtoto. Akaacha ungo magotini.

"Mbele za watu nifanyeje, baba? Yule ni mume wangu, utani lazima. Na wewe ulikuwa pale pale." Akaokota kijiwe, akakitupa. "Nikadhani utamtoa."

Usiku dufu zikaanza. Dufu mimi nazipenda, lakini nyumba ilikuwa imejaa na mtu alikuwa amezifungia maikrofoni. Nilimtafuta mwanangu kwa macho pale mkekani, hayupo. Nikaingia chumbani kwa mama. Kanga ilikuwa imetandazwa, imepita ukingo, imefika chini, na pembeni yake zimechomoza nyayo mbili ndogo. Sikusema kitu. Nikairekebisha ile kanga izifunike.

Nilipotoka nikakutana ukumbini na binti wa dada. Amebeba sinia la bilauri za sharubati, analisawazisha kwa kidevu, macho yamemtoka, na kila dufu ikigongwa bega moja linaruka. Shangazi mmoja akasema, "Huyu mtoto ana jicho! Kaona wageni wameishiwa kabla yetu."

Nikampokea sinia.

"Mjomba, nimekosea?"

"Hujakosea."

"Sasa nikakae wapi?"

Nikamwonyesha mlango wa chumba cha bibi. Akaenda haraka, karibu anakimbia. Nikabaki nimesimama ukumbini na bilauri kumi na mbili mkononi, shangazi wote wananitazama, na simu yangu iko mfukoni, sina mkono wa kuitoa.